Koti la Baridi ya Kwingine

Swali lenyewe lilikuwa la kijinga, na mpaka leo likinijia kichwani linaniudhi. Siku ya kwanza ya chuo, pale Lilongwe, mwalimu wa Mawasiliano alitusimamisha mmoja mmoja ili kila mtu aseme jina lake, anakotoka, na anataka kuwa nani. Jina nilikuwa nalo. Ninakotoka nilikuwa nako, tena kupita kiasi, maana huwa sijui nianzie Fizi, kule Kongo, au nianzie kambini Dzaleka. Ila hilo la tatu lilinishinda. Vijana wa Kimalawi waliomaliza sekondari juzi tu walijibu bila kupepesa macho: daktari, mhandisi, meneja wa benki. Mmoja alisema rubani, na chuo chetu hakina hata picha ya ndege ukutani. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikashika ukingo wa dawati, nikasema sijui.

Darasa lilicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu mtu mzima alikuwa amesema jambo la kitoto. Mwalimu, ambaye naamini nilimzidi umri kwa miaka saba au minane, alitabasamu akaniuliza, "Hata sasa, amayi?" Amayi ni mama kwa Kichewa, na ni neno la heshima, lakini mimi nilisikia "hata sasa" peke yake. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilikaa chini masikio yakiniwaka moto, nikafungua daftari, nikaandika tarehe kwa herufi kubwa sana.

Ningeweza kumjibu. Ningeweza kumwambia kwamba nimeshakuwa watu wengi. Nyumbani, kambini Dzaleka, nina bahasha ya plastiki yenye vyeti tisa: kusuka nywele, kuoka mikate, kutengeneza sabuni, Kiingereza, kompyuta ngazi ya kwanza, kompyuta ngazi ya kwanza tena kwa sababu watu wa ngazi ya pili hawakuja, na vingine nisivyokumbuka mpaka nifungue bahasha. Kila cheti kina nchi yake. Kusuka nilikusomea kwa ajili ya Amerika, kwa sababu mwaka ule ilisemekana weusi wa kule wanatafuta wasusi kwa udi na uvumba. Mikate ilikuwa ya Australia. Umeme wa jua ulikuwa wa Kanada, na mpaka kesho sielewi nchi yenye theluji namna ile inautakia nini umeme wa jua, lakini wakati huo sikuuliza, nilijiandikisha.

Hivyo ndivyo tunavyochagua kazi kule kwetu. Hakuna anayekuuliza unapenda nini au mkono wako unaweza nini. Watu wanaulizana ni nchi gani inachukua wakimbizi sasa, na huko wanahitaji mafundi wa nini. Jibu likibadilika, kozi inabadilika. Mtu akikuuliza utafanya nini iwapo hutaitwa popote, amekukosea adabu, ni sawa na kumtakia mwenzako msiba. Kwa hiyo hatuulizani.

Kazi iliyonilisha miaka yote hiyo haimo kwenye bahasha. Mimi ni fundi cherehani. Nilifundishwa na mama yangu kabla hatujakimbia, na sina cheti chake. Watu huniletea sare za shule na vitenje, yaani vitenge, lakini jina nililipata kwa makoti. Familia ikiitwa, yaani jina lake likibandikwa ubaoni na tarehe ya ndege, jambo la kwanza ni kwenda sokoni kwenye kaunjika, nguo za mitumba, kutafuta makoti mazito. Mitumba haijui vipimo vya mtu. Wananiletea, na mimi nafupisha mikono, napunguza mabega, nabadilisha zipu. Nimeshona makoti ya manyoya mchana wa Oktoba, jua la Dowa, wilaya yetu, likichoma mabati, jasho likinitiririka hadi kwenye kola ya mtu atakayevaa koti lile kwenye barafu. Nawakumbuka walioondoka kwa urefu wa mikono yao.

Mama ana la kwake. Alilinunua wiki ileile tulipofanyiwa mahojiano ya kwanza ya kupelekwa ng'ambo, na ndiyo yakawa ya mwisho. Ni koti la bluu, zito, lenye kofia. Amelikunja ndani ya valizi, sanduku la safari, chini ya kitanda pamoja na dawa ya nondo, na mara tatu nimelipunguza kwa sababu anazidi kukonda akisubiri. Halivai. Hata mwezi wa saba, upepo unapokuja na ukungu na watu wanajifunga mablanketi kwenda kuteka maji, yeye hujifunga kitenje juu ya kitenje. Nikimwambia atoe koti, ananijibu, "Ile ni ya safari. Si ya baridi ya huku."

Nafasi ya chuo niliiomba kwa hasira. Msichana niliyemfundisha kushona, aliyekuwa hajui hata kutunga uzi, aliitwa yeye na wazazi wake, na akaniletea koti lake nilipunguze. Nilipunguza. Alipotoka nikafunga cherehani, nikaenda kwenye ofisi ya vijana ambako niliona tangazo la ufadhili wa chuo kwa wakimbizi, nikajaza kila kitu bila kumwambia mtu. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kitu fulani kianze bila kusubiri ubao. Miezi minne baadaye wakaniita.

Laiti ningejua. Diploma yangu ya sekondari imeandikwa Kifaransa, na chuo kilitaka muhuri wa ofisi ya serikali kuthibitisha kwamba ni diploma kweli. Nilipanda Capital Hill, kilima cha ofisi za serikali, mara nne, katikati ya magari safi na watu wenye vitambulisho shingoni. Mara ya kwanza waliniambia nikatafute tafsiri. Mara ya pili mwenye muhuri alikuwa mkutanoni. Mara ya tatu nilikuwa na nakala, walitaka halisi. Mara ya nne niliipeleka halisi, wakasema nakala ingetosha. Kila mmoja wao alikuwa mpole, na upole huo ndio ulionimaliza, maana unatafuta wa kugombana naye humpati.

Halafu masomo. Jumatatu hadi Alhamisi, wakati mwingine Ijumaa, nilikaa Mtandire, mtaa wa Lilongwe, kwenye chumba nilichopangishwa na mama mmoja wa Kimalawi anayeuza mandasi barabarani. Wikendi nilirudi kambini. Kukaa nje ya kambi kunahitaji kibali, na kibali changu nilikibeba kifuani ndani ya plastiki, kwa sababu bila hicho ningerudishwa Dzaleka kwa lori. Darasani vijana walikuwa wanakokotoa kwa kichwa wakati mimi bado natafuta penseli. Fizikia niliisoma kwa Kifaransa, nikaisahau kwa Kiswahili, sasa nilitakiwa kuikumbuka kwa Kiingereza. Nilirudi chumbani na kichwa kinaniuma, nikala nsima, ugali wa huku, na maharage ya mama mwenye nyumba, nikajiuliza nani alinituma. Hakuna aliyenituma, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Muhula wa kwanza ulikuwa wa wote pamoja. Ulipokaribia kuisha tukapewa fomu, ukurasa mmoja. Kulikuwa na visanduku vitatu: afya ya jamii, uhasibu, ufundi wa maji. Tia alama moja tu. Chini yake swali: unatarajia kufanya kazi wapi? Kurudisha ni Ijumaa ya wiki inayofuata.

Kibali changu nacho kilikuwa kinaisha Ijumaa hiyohiyo. Ofisi ya kambi haiongezi kibali bila barua ya chuo inayotaja tawi unalosomea, na chuo hakitoi barua bila fomu. Kwa hiyo nisipotia alama sina barua, nisipokuwa na barua sina kibali, na nisipokuwa na kibali narudi kwenye cherehani yangu na nafasi yangu anapewa mwingine. Yote hayo yalining'inia kwenye swali lilelile la kijinga la siku ya kwanza, na jibu langu lilikuwa lilelile.

Jumamosi tukakaa kikao. Kwetu shauri la mtu ni shauri la ukoo. Mnakaa, mnaomba, mkubwa anasema, wengine wanaunga mkono, na mhusika anasema mwisho. Kwa kawaida kufikia hapo mhusika ameachiwa neno moja tu la kusema, nalo ni asante. Mkubwa wetu ni kaka yangu. Sina mume, baba alifia njiani, kwa hiyo kaka ndiye kichwa cha dosiye yetu, ile faili moja ambamo tumeandikwa wote, yeye na mkewe na watoto wao na mama na mimi. Mtu akiwa kichwa cha dosiye yako, anajiona kichwa cha mambo yako yote. Alikuja na simu mkononi na majibu tayari.

"Afya," alisema, kwa Kiswahili chetu cha Fizi, ambacho wa huwa ba, ndio huwa njo, na kutumika ni kufanya kazi. "Pale hakuna hata ya kuwaza. Kule bazee ni bengi, na batoto yabo hawana wakati. Banatafuta bantu ba kubaosha, ba kubalisha. Ukifika na hiyo karatasi, wiki ya kwanza unaanza kutumika."

"Yaya, mi naogopa damu," nilimwambia; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Bazee hawana damu mingi," alinijibu, na hakuwa anatania.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea kitanda ambacho valizi iko chini yake. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Hiyo masomo haiwezi kuharibu dosiye?"

"Haiharibu, mama. Inaitia nguvu. Batu ba afya njo banatafutwa sasa."

Mama akaitikia kwa kichwa, uso wake ukalegea, nikaona jinsi alivyokuwa ameogopa. Nikasema asante. Nikatia alama kwenye kisanduku cha afya kwa penseli, na kaka akaniamuru, akiwa amesimama nyuma ya bega langu, niandike na Kanada pale chini. Niliandika Kanada. Nilikuwa na umri ambao wenzangu wengine wanaitwa bibi, na nilikuwa naandikishwa shule na kaka yangu. Nilitaka kulia kwa hasira, lakini nilikwenda kusonga nsima.

Wiki iliyofuata chuo kilitutembeza tuone kila kazi kwa macho. Jumatatu tulikwenda kituo cha afya. Nilijikaza kisabuni mpaka walipofungua kidonda cha mguu wa mzee mmoja, halafu nikajikuta nje kwenye ngazi, muuguzi ananipepea kwa kadi ya mgonjwa. Vijana walinichungulia mlangoni. Mzee mwenyewe, namshukuru, aliniuliza kwa Kichewa kama nimekula. Jumatano ilikuwa uhasibu, tukakaa asubuhi nzima ofisini tukitazama watu wanaotazama kompyuta. Nilisinzia mara mbili. Usiku ule nilipolala niliona kwamba afya siiwezi, uhasibu sioni mlango wake, na fomu ina penseli ya kaka yangu.

Alhamisi tulipanda gari la chuo hadi kijiji kimoja nje ya mji wa Mponela, ukiacha barabara kuu na mashamba ya tumbaku. Kisima chao kilikuwa cha pampu ya mkono, ya aina ileile iliyo nyuma ya mstari wetu wa nyumba Dzaleka, chuma kilekile cha bluu, mpini uleule unaong'aa kwa viganja vya watu. Ilikuwa haitoi maji. Wanawake wa kijiji walisimama pembeni na ndoo zao, wakatuambia wamekuwa wakienda mtoni tangu kabla ya mavuno. Fundi, mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu, alifungua kichwa cha pampu kwa spana moja. Akavuta vyuma virefu kutoka chini, kimoja baada ya kingine, tukavilaza juu ya nyasi. Kwenye chuma cha mwisho palikuwa na kitu kama kikombe kidogo, na juu yake mpira wa mviringo. Aliutoa, akaunyoosha juu tuuone, halafu akanipa mimi kwa sababu nilikuwa karibu.

"Ni huu tu," alisema.

Mpira wenyewe ulikuwa umelika upande mmoja, umekuwa mwembamba. Unaenea kwenye kiganja na nafasi inabaki. Nikauliza utabadilishwa kwa muda gani. Akasema kabla hamjanywa soda zenu. Na kweli, aliweka mwingine, akarudisha vyuma, akafunga, akamwambia msichana mmoja apige, na baada ya mapigo machache maji yakamwagika kwenye ndoo. Wanawake wakapiga vigelegele. Vijana wa darasa wakapiga picha.

Mimi nilibaki na ule mpira. Cherehani yangu naijua ndani nje; nimeifungua mara nisizoweza kukumbuka, najua kila kinacholika ndani yake na kwa nini. Na kitu nilichoshika mkononi nilikielewa papo hapo, bila Kiingereza, bila Kifaransa. Miaka kumi na minne. Miaka kumi na minne nimepanga foleni kwenye pampu ile ya nyumbani, nikipiga hewa mpaka maji yakumbuke kupanda. Nimeona watu wakipigana kwa madumu. Mama yangu mkono wake wa kulia haupandi tena juu ya sikio, bega limekwisha. Pampu ikifa kabisa tunasubiri fundi atoke Dowa, anakuja akija. Sisi tuliojaa kambini, wenye vyeti vya kila aina, wasusi na waokaji na mafundi wa jua la Kanada, hatukuwa na hata mmoja aliyewahi kujifunza kufungua kile kichuma cha bluu tunachosimama mbele yake kila siku ya Mungu. Na sababu naijua. Hakuna nchi kule inayotafuta watu wa pampu za mkono.

Mwalimu aliniona nikijifuta macho akadhani vigelegele vimenigusa. Nilimwambia ni vumbi. Ilikuwa ni hasira, na ilikuwa imenifika hapa. Sikuipenda ile kazi, nataka ieleweke. Sikusikia wito wowote kijijini kwa watu. Nilikasirika tu, na kati ya visanduku vitatu, hicho ndicho kilikuwa cha kwanza kunifanya nisikie kitu.

Ijumaa asubuhi niliazima kifutio kwa yule kijana anayetaka kuwa rubani. Alama ya afya ilifutika. Kanada haikufutika vizuri, kaka alikuwa amenisimamia nikakandamiza penseli, na kivuli cha neno kikabaki kwenye karatasi. Nikachukua kalamu ya wino, nikatia alama kwenye ufundi wa maji. Kwenye swali la chini mkono ulikataa kwanza. Kuandika Lilongwe ningeweza, Malawi ningeweza. Lakini ule mpira nilikuwa bado nao mfukoni mwa sketi, nikaandika Dzaleka, juu ya kivuli cha Kanada.

Mama wa ofisi ya usajili aliisoma, akainua macho. "Wa kambini wengi huandika nchi za nje," alisema.

"Najua."

"Na wewe una uhakika?"

"Sina," nilimjibu, maana nilichoka kudanganya fomu. Aligonga muhuri, akanichapia barua, nikasema zikomo, asante yao. Nilitoka pale sijisikii shujaa hata kidogo. Nilijisikia mtu aliyetoa kitu cha nyumbani bila kuwauliza wenzake, kwa sababu ile Kanada haikuwa yangu peke yangu kuifuta.

Niliwaambia Jumamosi, kabla chai haijapoa, nimalize. Kaka alidhani hajasikia.

"Maji? Maji gani?"

"Pompe. Kutengeneza pompe na mabomba."

"We unajua kama kule maji inatokaka ku ukuta?" Alisimama, akazungusha bomba lisilokuwepo hewani ili nimwelewe. "Unafungua tu hivi! Ya moto huku, ya baridi huku! Nani atakuita juu ya pompe?"

"Huku haitokake ku ukuta, Yaya."

"Huku! Nani anakuuliza habari ya huku? Miaka yote hii tuko nangojea, we unaenda kusomea huku?"

Tulirushiana maneno mpaka mke wake akafunga mlango kwa sababu ya majirani. Nilimwambia mambo ya bazee wake wa kuoshwa ambayo mtu hamwambii kaka yake mkubwa. Yeye akaniambia nimekuwa na kichwa kigumu tangu Fizi. Hayo yote niliyategemea, na sitatia chumvi, nusu yake niliifurahia. Nisilolitegemea ni mama. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na kaka alipokuwa anavuta pumzi aliniuliza polepole:

"Pale kwa fomu, uliandika utatumika wapi?"

Nikatamani asingeliuliza. "Hapa, mama. Dzaleka."

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo. "Njo kusema tunabakia," alisema.

Halikuwa swali. Nilianza kumweleza kwamba ni karatasi tu, dosiye iko palepale, wakituita kesho tutaondoka wote, pampu nitaiacha. Nilisema mengi na upesi. Aliniacha niseme, akamaliza kuchambua, akaingia chumbani akapangusa miguu na kulala mchana, jambo ambalo halifanyi. Jumapili alikwenda kanisani peke yake kabla sijavaa. Na mimi badala ya kumhurumia nilimkasirikia. Nilimkasirikia yeye, na kaka, na ubao, na watu wote walioondoka na mikono ya makoti niliyoipima vizuri. Kwa nini ni mimi wa kusema? Kila mtu mle ndani alikuwa anajua. Valizi ile ilikuwa inajua.

Jumatatu ilinibidi nisubiri ofisi ya kambi ifunguliwe niongeze kibali, halafu nikimbilie Lilongwe. Niliamka alfajiri, baridi ya mwezi wa saba inapenya chini ya mlango. Kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Valizi ilikuwa imevutwa nje, imefunguliwa, na chumba kizima kilinuka dawa ya nondo. Koti halikuwemo. Nilivaa kandambili nikatoka nikimtafuta.

Nilimwona kutoka mbali kwa sababu ya bluu. Alikuwa kwenye foleni ya pampu, ukungu umefunika paa za chini zote, kofia ya koti kichwani, ndoo mbili miguuni. Watu walikuwa wanamtazama. Kambini koti kama lile lina maana moja tu, na jirani yetu mmoja alikuwa ameshatoka kwenye mstari, amemshika mikono yote miwili, uso unamng'aa.

"Mama! Bamewaita? Mnasafiri lini?"

"Hapana," mama alimjibu. "Ni baridi."

Jirani akamwachia mikono taratibu, akarudi kwenye nafasi yake. Hakuna aliyeuliza tena. Nilisimama nyuma ya mama, na yeye hakugeuka ingawa alijua ni mimi. Zamu yake ilipofika nilitaka kushika mpini akanisogeza kwa kiwiko. Akapiga mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ya bega. Nilihesabu. Alipiga hewa mara kumi na tisa kabla maji hayajafika, na sasa nilijua ni kwa nini, ni mpira wa ndani, nilikuwa na mwenzake mfukoni, umelika vilevile.

Bado sijui kama nataka kuwa fundi wa maji. Mwalimu yule akinisimamisha leo sitakuwa na jibu la kumridhisha. Ila pale nilikuwa nasikia pampu inavyokoroma chini, na nilikuwa najua ni kitu gani kinachokoroma.

Ndoo ya pili ilipojaa mama aliacha mpini akanyoosha mikono mbele yake. Maji yalikuwa yameingia kwenye koti hadi karibu na viwiko, sufu imeyanywa na kuwa nyeusi. Aliitazama mikono ile ya koti, halafu akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu Jumamosi, kwa uso wa mteja.

"Ni mirefu kwa pompe," alisema. "Ukirudi, uikate."